Mwavuli wa kurukia: kila kifundo kina kisa chake

Tarehe 21 Novemba 2007, juu ya mji wa Lake Wales katika jimbo la Florida, Marekani, watu 100 walining'inia angani chini ya miavuli 100 iliyoshikana. Mmoja alikuwa juu kabisa, wawili wakafuata chini yake, kisha watatu, wanne, hadi safu ya watu kumi. Kutoka hapo idadi ilipungua tena mpaka mtu mmoja wa chini kabisa. Safu 19, umbo moja la almasi. Aliye juu alimshikilia aliye chini kwa miguu yake, akiwa ameinasa kwenye kitambaa au kamba za mwavuli wa mwenzake. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lililithibitisha umbo hilo kuwa rekodi ya dunia.

Mrukaji yeyote hufundishwa tangu siku ya kwanza kuukwepa mwavuli wa mwenzake. Miavuli ikigongana, kitambaa huweza kukunjika na kamba kunasana, watu wawili wakaanguka pamoja. Wale 100 walilifanya kwa makusudi jambo ambalo wengine wote hukatazwa. Kilichowawezesha ni zaidi ya miaka 200 ya watu kuchunguza kilichomuua au kumponza mwenzao, kubadilisha kifaa au desturi, kisha kuwaeleza wanaofuata. Mchezo huu umejengwa juu ya methali tunayoijua sote: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Hariri, koni na koti la fundi cherehani

Mwishoni mwa mwaka 1783 Mfaransa Louis-Sébastien Lenormand aliruka kutoka mnara wa mji wa Montpellier akiwa na mwavuli wenye kiunzi. Alikuwa akifikiria namna ya kuwaokoa watu waliozingirwa na moto ghorofani. Miaka 14 baadaye, tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa mwingine, André-Jacques Garnerin, alipanda kwa puto juu ya bustani ya Monceau, Paris, akajikata kutoka kwenye puto hilo akiwa takriban mita 1,000 juu ya ardhi. Mwavuli wake wa hariri haukuwa na kiunzi kigumu. Ulifunguka, lakini kikapu alichosimama ndani yake kiliyumba vibaya njia nzima, kwa sababu hewa iliyojaa ndani haikuwa na pa kutokea isipokuwa pembeni, mara upande huu, mara upande ule. Dawa yake iliyopatikana baadaye ilikuwa rahisi: tundu katikati ya mwavuli, juu kabisa. Mwaka 1799 Jeanne Labrosse, aliyekuja kuwa mke wa Garnerin, akawa mwanamke wa kwanza kuruka kwa mwavuli.

Mwingereza Robert Cocking alimwona Garnerin akiruka London mwaka 1802, akaondoka na wazo la kuukomesha mtikisiko ule kwa kugeuza umbo: mwavuli uwe koni iliyopinduliwa, mdomo ukitazama juu. Alilibeba wazo hilo kwa miaka 35. Julai 24, 1837, akiwa na umri wa miaka 61 na hajawahi kuruka hata mara moja, alipandishwa kwa puto kutoka Vauxhall. Chombo chake kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Kilivunjika angani, naye akafa. Umbo la koni kweli hupunguza kuyumba, lakini uzito na udhaifu wa kiunzi havikuwa vimepimwa sawasawa.

Tarehe 4 Februari 1912 ikawa zamu ya Franz Reichelt, fundi cherehani wa Paris, aliyekuwa ameshona koti la kugeuka mwavuli. Majaribio yake ya kutumia sanamu yalikuwa yameshindwa, naye akaamini kosa lilikuwa ufupi wa kimo. Alipewa ruhusa ya kutumia mnara wa Eiffel kwa kuwa wakuu waliamini angeangusha sanamu. Aliruka mwenyewe kutoka jukwaa la kwanza, mita 57, mbele ya kamera za filamu. Koti halikufunguka. Kwa wanaorithishana elimu ya mwavuli, Reichelt ni ukumbusho kwamba jaribio lililoshindwa lina jambo la kusema, na anayelinyamazisha hulipa yeye.

Irvin avuta kamba mwenyewe

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikuta wataalamu wengi wakiamini kwamba mtu anayeanguka huru hupoteza fahamu au hushindwa kutumia mikono. Kwa hiyo mwavuli ulifungwa kwenye chombo chenyewe: mtu akianguka, kamba iliyobaki kwenye puto au ndege iliuvuta ukafunguka. Waangalizi waliokaa katika maputo walipewa miavuli, ilhali marubani wa ndege wa Uingereza walipigana vita vyote hivyo bila kupewa.

Imani hiyo ilivunjwa Aprili 28, 1919, katika uwanja wa McCook, Dayton, jimbo la Ohio. Leslie Irvin alitoka ndani ya ndege akiwa na mwavuli mgongoni, akaanguka huru kwa muda, kisha akavuta mpini kwa mkono wake. Mwavuli ulifunguka. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, lakini alikuwa amethibitisha kwamba binadamu anaweza kuanguka, kufikiri na kutenda. Mchezo wa kuanguka huru unaochezwa leo una mizizi katika siku ile.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta badiliko jingine. Hariri kutoka Japani ilipokatika, Wamarekani waligeukia nailoni, kitambaa chepesi, chenye nguvu na kisichooza haraka. Baada ya vita, miavuli ya jeshi ilimwagika sokoni kwa bei nafuu na vijana wakaichukua kwa mchezo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bled, Yugoslavia, mwaka 1951.

Mwavuli wageuka bawa

Hata hivyo mwavuli ulibaki kuwa duara. Uliteremka, ukaenda ulikopelekwa na upepo, na uwezo wa mrukaji kuuelekeza ulikuwa mdogo. Mwaka 1964 Domina Jalbert, mzaliwa wa Québec aliyeishi Florida, alibuni kitu tofauti: matabaka mawili ya kitambaa yaliyogawanywa kwa kuta za ndani, na midomo iliyo wazi kwa mbele. Hewa ikiingia na kunaswa, vyumba hivyo vinajaa na kitambaa kinakuwa bawa. Mwavuli wa namna hii husonga mbele, hukata kona na kutua mahali mrukaji alipochagua.

Bawa hilo lilikuja na balaa lake. Lilifunguka ghafla mno, kwa mshtuko wa kuweza kuchana kitambaa na kumwumiza mtu. Suluhisho lilikuwa kipande cha kitambaa chenye pete nne za chuma kwenye pembe zake, kilichopitishwa kwenye kamba. Mwavuli unapoanza kujaa, upepo hukizuia juu, nacho hushuka polepole kwenye kamba na kuuacha utanuke hatua kwa hatua. Mpaka leo karibu kila mwavuli wa michezo una kitambaa hicho.

Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Bill Booth akaongeza pete tatu. Kabla yake, mrukaji ambaye mwavuli wake mkuu umeharibika ilimlazimu afungue vifungio vya bega la kulia na la kushoto kimoja kimoja, huku ardhi ikimkaribia. Booth alipanga pete kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ikipita ndani ya nyingine, hivi kwamba mzigo mzima wa mtu unashikiliwa mwishoni na kitanzi chembamba cha uzi. Mpini mmoja ukivutwa, mabega yote mawili huachia pamoja. Hakuna kifaa kinachoonekana kidogo hivyo kilichookoa maisha mengi kiasi hicho katika mchezo huu.

Kushikana

Bawa lilipopatikana, haikuchukua muda watu wakaanza kukaribiana nalo. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, hasa California, warukaji wawili walijifunza kufungua miavuli mara tu baada ya kutoka ndani ya ndege, mmoja akamsogelea mwenzake kutoka nyuma, na aliye juu akashika kwa miguu kamba za aliye chini. Wawili wakawa watatu, watatu wakawa wanne. Leo FAI inatambua mashindano ya aina tatu: wawili wanaobadilisha maumbo mfululizo, wanne wanaobadilisha maumbo mfululizo, na wanne wa mzunguko, ambapo wa juu kabisa huachia, hushuka na kujiunga tena chini ya wenzake, zamu kwa zamu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na majeraha na vifo. Kulikuwa na ajali za aina mbili, na wakongwe huzitenganisha hadi leo. Ya kwanza ni kufunikwa: kitambaa cha mwenzako kinakuzingira mwili mzima, huoni kitu. Ya pili ni kunasana: kamba za miavuli miwili zinajisokota pamoja na yote miwili inaacha kuruka. Kila aina ina hatua zake, na anayezichanganya anaweza kumwua mwenzake kwa nia njema.

Kutokana na ajali hizo vikapatikana vifaa ambavyo mrukaji wa kawaida hana. Miavuli ni ya vyumba saba, yenye ukubwa unaolingana na uzito wa kila mtu ili wote washuke kwa kasi moja. Kamba ni nene, kwa sababu kamba nyembamba za kisasa hukata ngozi zikikwaruza mguu au shingo. Kamba za katikati hupewa rangi ya peke yake ili anayekuja ajue pa kushika. Mwavuli mdogo wa kuvuta, ambao kwa wengine huburutwa nyuma baada ya kufungua, kwao hurudishwa na kukazwa usimnase mtu. Suruali ndefu, soksi ndefu na glavu hulinda ngozi. Kofia ngumu isiwe na kitu kinachochomoza. Na kisu cha kukatia kamba lazima kiwe mahali ambapo mkono wowote unakifikia.

Somo zito kuliko yote linahusu kamba ya usalama inayounganisha mwavuli mkuu na wa akiba. Kwa mrukaji wa kawaida, akiutupa mkuu, kamba hiyo huufungua wa akiba papo hapo, na imeokoa wengi. Kwa waliozingirwa na vitambaa vya wenzao, kufunguka huko kwa haraka kunaweza kuuingiza mwavuli wa akiba katika vurugu ileile, kwa hiyo wao huitenganisha. Wanataka kwanza waanguke mbali, kwenye hewa safi, ndipo wafungue. Kifaa cha usalama hakina sifa mpaka kijulikane kinatumika wapi.

Yapo pia yasiyonunuliwa dukani. Kundi huketi chini kabla ya kuruka na kukubaliana nani anashika nani na kwa mpangilio gani. Kushikana hukoma mapema. Mwongozo wa Marekani unataja futi 2,500, sawa na mita 760 hivi. Ajali ikitokea, watu huzungumza: kila mmoja hutaja kimo na anachokusudia kufanya, na hakuna anayejikata kabla mwenzake hajajua. Mgeni huanza na mkongwe mmoja, kwenye hewa tulivu. Haingizwi katika kundi kubwa kwa sababu tu amenunua vifaa vizuri.

Kanuni ya Booth

Mwaka 1991 kampuni ya Airtec ya Ujerumani, iliyoongozwa na Helmut Cloth, ilileta CYPRES, kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima kimo na kasi. Mrukaji akiwa bado anaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde akiwa mita 225 hivi juu ya ardhi, kifaa hukata kitanzi na kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe. Waliopoteza fahamu au kusahau kimo walianza kurudi nyumbani.

Matokeo yanaonekana. Nchini Marekani vifo vya warukaji vilizidi 40 kwa mwaka kwa wastani katika miaka ya 1970. Mwaka 2021 vilikuwa 10, katika miruko ipatayo milioni 3.57. Lakini Booth, yuleyule wa pete tatu, ametoa onyo linalojulikana na warukaji wote: kadiri vifaa vinavyokuwa salama, ndivyo watu wanavyoongeza hatari ili kuirudisha ileile ya zamani. Miavuli ilipoacha kuharibika mara kwa mara, warukaji walichagua midogo zaidi na yenye kasi zaidi, na tangu miaka ya 1990 wengi wamekufa chini ya mwavuli mzima uliofunguka vizuri, wakikata kona kali karibu na ardhi. Hakuna pete wala kompyuta inayotibu hilo. Linatibiwa na mkongwe anayemshika kijana bega na kumwambia, "Mwavuli huo bado si wako."

Ndiyo maana chama cha warukaji cha Marekani huchapisha taarifa za ajali, kikieleza kilichotokea bila kumvua marehemu heshima yake, ili wanaoendelea kuruka wajifunze. Desturi hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote nilichokitaja hapa.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu bado ni mchanga, ingawa huko Diani, kusini mwa Mombasa, wageni na wenyeji huruka wakiwa wamefungwa pamoja na mwalimu. Ukiamua kwenda, usione haya kuuliza. Mwavuli wa akiba ulikunjwa lini, na fundi gani mwenye leseni? Marekani hairuhusiwi kupita siku 180 tangu ulipokunjwa. Je, una kifaa cha kuufungua wenyewe, na kimekaguliwa? Mwalimu ameruka mara ngapi, na upepo ukizidi kiasi gani mnaahirisha? Mwalimu mzuri atafurahia maswali yako na kuyajibu moja baada ya jingine. Anayekasirika, mshukuru na urudi nyumbani.