Rimoti za bei poa kwenye winchi ya nanga: zinavyofanya kazi na namna ya kuzifunga bila kuua mtu

Vijana kibao wa pwani wanapiga mzigo kwenye boti za watalii, boti za kupiga mbizi na yoti za wageni, Kilifi, Zanzibar, Mafia na kwingineko. Kwenye jahazi nanga inavutwa kwa mikono ya watu na maneno yanaisha. Kwenye yoti kuna winchi ya umeme pale omo, na mwenye boti siku hizi anataka ifanye kazi kwa rimoti.

Rimoti yenye jina la kampuni ya vifaa vya boti inaweza kuvuka dola 150. Ile ya kawaida ya madukani na mtandaoni, ndugu yake rimoti ya geti au alamu ya gari, mara nyingi haifiki dola 20. Je, inafaa? Inafaa, tena vizuri tu. Ila ukiifunga kienyeji inaweza kula vidole vya mtu, au boti ikaamkia kwenye mwamba.

WINCHI INAVYOFANYA KAZI
Winchi ziwe za Lewmar, Maxwell, Quick au Lofrans, mpango ni ule ule. Kuna mota, kuna gurudumu lenye vishimo linaloshika mnyororo, na kuna kisanduku cha solenoidi kinachopeleka umeme mkubwa kwenye mota, ama wa kupandisha ama wa kushusha. Swichi unayokanyaga kwa mguu haibebi umeme wa mota. Inaamsha solenoidi tu.

Piga hesabu: mota ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 inakula ampia 83 hivi. Rilei iliyomo ndani ya risiva ya bei poa kwa kawaida imeandikwa ampia 10. Ukiiunga moja kwa moja na mota, inaungua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sheria namba moja: rimoti inaendesha solenoidi, na solenoidi ndiyo inaendesha mota.

RIMOTI YENYEWE
Nyingi zinatumia masafa ya 433.92 MHz, nyingine 315 MHz. Bendi ya 433 ndiyo iliyopangwa kwa vifaa vidogo vya aina hii Ulaya na Afrika, hivyo chagua hiyo. Mambo ya masafa Tanzania yako chini ya TCRA, na Kenya chini ya Communications Authority.

Antena ya risiva ni kipande cha waya tu. Kwa 433 urefu wake ni sentimita 17.3, kwa 315 ni sentimita 23.8. Usiukate wala usiukunje kama chapati, masafa yatapungua. Usiufungie ndani ya sanduku la chuma pia.

Chunga namba ya siri. Rimoti zenye chipu ya EV1527 zina namba zaidi ya milioni 1 zinazowezekana, lakini ya kwako haibadiliki, na fundi yeyote mwenye rimoti ya kunakili anaweza kuikopi. Zile zenye namba inayobadilika kila ukibonyeza, mfano mfumo wa KeeLoq, ni salama zaidi. Kama yako ni ya namba moja, dawa ni kuzima risiva ukimaliza kazi.

HAPA NDIPO WATU WANAPOUMIA
Risiva nyingi zina namna tatu za kufanya kazi:

1. Bonyeza na shikilia: inazunguka wakati kidole kiko kwenye kitufe tu. Ukiachia inasimama.
2. Bonyeza iwake, bonyeza tena izime.
3. Kitufe kimoja kinawasha, kingine kinazima.

Kwa nanga ni namba 1 PEKE YAKE. Hizo nyingine mbili ni za taa na mageti. Fikiria winchi inaendelea kuvuta, nanga imefika juu, rimoti imeponyoka baharini. Kuna risiva zinabadilishwa kwa kipini kidogo, nyingine kwa idadi ya mibonyezo ya kitufe cha ndani. Soma karatasi iliyokuja nayo, kisha jaribu mezani kwa balbu ndogo kabla hujagusa boti.

KUUNGA WAYA
Risiva ya vitufe viwili ina rilei mbili, A na B. Kila rilei ina mguu wa kati, mguu unaofunga ikiamka, na mguu uliofungwa ikiwa imelala. Fanya hivi:

- Chukua chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampia 3 au 5 na swichi ndogo. Hiyo ilishe risiva na mguu wa kati wa A.
- Mguu wa A unaofunga ikiamka uende kwenye waya wa JUU wa solenoidi.
- Mguu wa A uliofungwa ikiwa imelala uende mguu wa kati wa B.
- Mguu wa B unaofunga ikiamka uende kwenye waya wa CHINI.

Faida yake ni kwamba mtu akibonyeza vitufe vyote viwili, CHINI haipati umeme. Baadhi ya visanduku vya solenoidi vikipewa amri mbili kwa pamoja vinapiga shoti.

Weka diodi kwenye kila koili ya solenoidi, upande wenye mstari uelekee chanya. Inazuia mshtuko wa umeme unaochoma midomo ya rilei. Risiva iingie kwenye boksi lisilopitisha maji, chini ya sitaha. Swichi za mguu ziache zilivyo, maana betri ya rimoti itakufa siku ya upepo, si siku ya shwari.

KABLA YA KUBONYEZA
Midomo ya rilei au solenoidi inaweza kugandana, na hapo kuachia kitufe hakusaidii. Ndiyo maana breka kuu ya winchi lazima iwe mahali mkono unafika haraka, na kila baharia aijue. Ijaribu kila safari.

Washa injini kwanza ili betri isishuke. Sogeza boti kwa injini kuelekea nanga, winchi ikusanye mnyororo uliolegea. Winchi si ya kuvuta boti. Ukishatia nanga, mzigo ubebwe na kamba au kizuizi cha mnyororo, usiachiwe winchi usiku kucha.

Mtu wa rimoti asimame anapouona mnyororo, hata kama rimoti inafika mita 50. Mkono wa mwenzako ukiwa karibu na mnyororo, breka izimwe. Mnyororo ukinasa, zima ndipo ushike.

Wanasema ajali haina kinga. Hii ina kinga: fyuzi, swichi ndogo na breka kuu, na vyote vitatu havimfilisi mtu.

Mafundi na mabaharia, kama mna nyongeza au mnapinga, mwageni hapo chini. Nawasilisha.