Ratiba Haina Macho

Wazee wetu wa Kilosa walijua saa kwa mlio wa treni. Reli ya Kati, waliyoianza Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa. Miaka ya 1960 tawi lake likapita Mikumi hadi Kidatu.

Lakini reli hiyo ni ya njia moja. Ratiba ilitaja saa ya kuondoka, ila stesheni masta aliuliza kwanza stesheni ya mbele kama njia ni nyeupe. Bila jibu, treni haikuondoka ng'o!

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaizoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Ratiba haikujua. Karatasi haina macho.

Nayasema haya kwa uchungu wa riwaya yangu. Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, ni mwandishi wa programu pale Mikumi. Alinitunzia sura kumi na moja kwenye kompyuta yake, akaiagiza cron izinakili kila usiku saa nane. Cron ilizaliwa ndani ya mfumo wa Unix miaka ya 1970, nayo ni ratiba tupu: saa ikifika inaanza, basi. Umeme ukikatika saa nane ikapita, haikumbuki. Siku nyingine diski ya nakala ilikuwa haijachomekwa. Kazi ikaanza, ikashindwa, ikalalamika kwenye barua asiyoisoma mtu. Kompyuta ilipokufa, nilibaki na sura nne.

Sasa tuchague nini? Anacron hukumbuka kazi iliyopitwa na siku yake. Jenkins, iliyopata jina hilo mwaka 2011, yaweza kuamshwa na tukio lenyewe, kisha huonyesha kipi kimepita na kipi kimekwama. Lakini hiyo ni stesheni nzima, inataka mtu wa kuihudumia. Kwa kazi moja ya usiku, ni kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja.

Basi wenzangu, reli inatufundisha tuulize kwanza: kazi hii inangoja saa, au inangoja njia iwe nyeupe? Ya saa, ratiba inatosha. Ya njia, mtafutie stesheni masta.

Sisi tumechukua anacron, na kila asubuhi naifungua nakala mwenyewe. Sura ya tano naiandika upya.