Mnyama wa Pembe Moja

Neno la Kiyunani monokeros maana yake ni "mwenye pembe moja": monos ni moja tu, keras ni pembe. Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, mganga Myunani Ctesias, aliyemtumikia mfalme wa Uajemi, aliandika habari za punda-mwitu wa Bara Hindi wenye pembe moja pajini. Hakuwaona, aliandika ya kusikia.

Baadaye Wayahudi wa Misri walifasiri Maandiko yao kwa Kiyunani. Walipolikuta neno la Kiebrania reem, waliandika monokeros. Basi mnyama wa masimulizi akaingia Kitabuni, hata Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikamtaja mara 9.

Lakini tukifungua Kumbukumbu la Torati 33:17, twaona pembe za reem zikifananishwa na Efraimu na Manase, nao ni wawili. Pembe moja yatoshaje? Wenye elimu husema reem alikuwa ng'ombe-mwitu, ambaye wa mwisho alikufa Poland mwaka 1627. Waingereza walilisahihisha neno hilo mwaka 1885.

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 yasema "nyati". Nyati si yule ng'ombe hasa, ila ukali wake twaujua. Katika sura ya 39, Ayubu aulizwa kama mnyama huyo atakubali kumlimia shamba. Aliyepata kukutana na nyati hahitaji kufundishwa jibu. Kumbe mfasiri akikosea neno moja, watu husoma wasilolijua kwa miaka elfu mbili.