Hasheem Thabeet: Mtanzania wa kwanza kucheza NBA

HASHEEM Thabeet ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya kulipwa nchini Marekani. Alidumu humo misimu mitano, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014.

Alizaliwa Dar es Salaam, Februari 16, 1987, na kusoma Shule ya Sekondari Makongo. Alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, wakati vijana wengi wa Marekani wanaofika NBA huanza utotoni. Alimalizia sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko, kimo chake cha mita 2.21 kilikuwa ukuta mbele ya goli. Mwaka 2008 na 2009 alitangazwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East.

Juni 25, 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Heshima hiyo ndiyo iliyogeuka mzigo, kwani alilinganishwa na nyota hao daima.

Memphis tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake. Februari 2010 Thabeet alipelekwa Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo. Hapakuwa na mchezaji aliyeteuliwa nafasi ya juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Mwaka 2011 alihamishiwa Houston Rockets, mwaka 2012 Portland Trail Blazers, kisha akamalizia Oklahoma City Thunder. Kwa jumla alicheza mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2 kila mechi.

Baada ya hapo aliendelea na mchezo huo, zikiwemo ligi za Japani na Taiwan.

Wachambuzi wa Marekani humtaja miongoni mwa teuzi zilizokosewa. Hata hivyo, kosa la kuteua ni la mteuaji. Kijana aliyegusa mpira wa kikapu kwa kuchelewa alifika NBA katika kipindi cha miaka saba hivi, na kabla yake hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika.