Fort Jesus ya Mombasa: ukuta haulishi watu

Bandugu na badada, wenye lisansi na bale bangali ku iniversite, leo tuache kidogo habari za kutafuta kazi, tuongee historia.

Naanza na neno moja. Huku Goma ukisema mtu amepelekwa gereza, hakuna atakayekuuliza maana yake. Lakini neno hilo tulilipata kwa Wareno, na kwao "igreja" ni kanisa. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao za pwani. Waswahili walisikia jina hilo, wakaliita boma zima hivyo. Kule Kilwa Kisiwani, Tanzania, ngome ya zamani inaitwa Gereza mpaka leo. Na kwa sababu ndani ya kuta nene ni rahisi kufungia watu, mwishowe neno likabaki na maana tunayoijua sisi.

Ngome inayojulikana zaidi ku pwani yetu ya Afrika Mashariki ni Fort Jesus ya Mombasa. Niliitembelea wakati nilienda kule kwa mafunzo mafupi juu ya mbegu. Mimi ni mtu wa kilimo, si mwanahistoria, njo maana niliangalia ile ngome kwa macho ya mtu wa kilimo. Nilitoka mule na swali moja: watu waliofungiwa ndani walikula nini? Naona swali hilo linatuhusu sana sisi batu ya Goma, na nitaeleza juu ya nini.

1. Ramani ilitoka Italia

Wengi tunasema "ngome ya Wareno", na ni kweli, wao ndio waliamuru na kulipa. Lakini aliyechora ramani ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, injinia mkuu wa ngome za Wareno upande wa Mashariki. Wakati ule Ureno ilikuwa chini ya Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania.

Kwa nini Mtaliano? Mwaka 1494 jeshi la Ufaransa liliingia Italia na mizinga ya kisasa, na zile kuta za zamani, ndefu na nyembamba, hazikuivumilia. Mainjinia wa Italia wakalazimika kufikiri upya. Ukuta ukawa mnene, na kwenye pembe wakatokeza bastioni, yaani kichwa cha ukuta kilichochongoka mbele. Askari aliye kwenye bastioni moja anaweza kumpiga adui aliyejificha chini ya bastioni ya pili, kwa hiyo hakuna fasi ya kujificha. Pale Livorno, mji wa bandari Italia, kuna Fortezza Vecchia, ngome iliyokaa kandokando ya maji ya bandari na iliyomalizika mwaka 1534. Fikra iliyojenga ile ndiyo ilisafiri mpaka Mombasa.

Wareno walikuwa na haraka. Nahodha Mturuki, Ali Bey, alikuwa amefika pwani hii na meli zake, na watu wa Mombasa walimpokea vizuri kwa sababu walichoka na Wareno. Mwaka 1589 Wareno walimkamata palepale Mombasa. Baada ya hapo waliona lazima wakae kwenye mlango wa bandari wenyewe. Kazi ilianza mwaka 1593, na kufika 1596 ngome ilikuwa imesimama.

2. Nilichokiona pale

Huku kwetu nyumba inasimama juu ya mawe meusi ya volkano. Fort Jesus imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni mawe hayohayo ya matumbawe, yale mawe ya baharini yenye matundu madogo. Ukiwa chini kwenye handaki, ukuta unakuinamia kabisa, na unaelewa haraka kwamba hapa hakuna mtu wa kupanda kwa ngazi mchana.

Ukiiona kutoka juu, kwenye picha ya ndege, ngome inafanana na mtu aliyelala chali: kichwa upande wa bahari, mikono na miguu ndiyo zile bastioni nne. Zina majina ya watakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Wasanifu wa Italia wa wakati ule waliamini kwamba vipimo vya mwili wa mtu ndivyo vipimo bora vya jengo. Hiyo ni moja ya sababu UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Mzee mmoja anayetembeza wageni alinionyesha kipande cha ukuta chenye michoro ya mabaharia na askari Wareno. Walichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Nikamuuliza, "Mzee, hawa walikuwa na nafasi ya kuchora na vita?" Akacheka: "Ndugu yangu wa Kongo, mtu akikaa ngomeni akingoja meli isiyokuja, atafanya nini?"

Kisha akanipeleka kwenye maji. Kuna tangi ambalo Wareno walijenga la kukusanya maji ya mvua. Kuna pia kisima kirefu ambacho Waarabu walichimba baadaye, lakini maji yake yana chumvi, ni ya kuoshea tu. Pale njo nilianza kufikiri kwa kweli. Ngome imekaa juu ya bahari, na maji ya kunywa yanategemea wingu! Sisi wenye kuishi kando ya Ziwa Kivu na bado tunabeba bido za njano asubuhi, hatuhitaji kuelezwa.

Na waliojenga ni nani? Mafundi wa mawe waliletwa kutoka India, na vibarua wengi walitoka Malindi, ambayo sultani wake alikuwa rafiki wa Wareno. Juu ya mlango kuna maandishi ya mwaka 1635 yanayomsifu kapteni Mreno. Ya vibarua wa Malindi hakuna.

3. Mwanafunzi aliyerudi

Hii sehemu ni ya wanafunzi. Sultani wa Mombasa, Hasan, aligombana na Wareno, akauawa mwaka 1614. Mtoto wake Yusuf walimpeleka Goa, India, kusoma. Alibatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo, akajifunza kuongea, kuvaa na kupigana kama wao. Kisha wakamrudisha Mombasa awe sultani, wakifikiri sasa ni mtu wao.

Mwezi wa 8 mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, na Wareno wa mji wakauawa vilevile, pamoja na Waafrika waliokuwa Wakristo. Damu ilikuwa nyingi, sitaki kuipamba. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kutoka Goa na meli nyingi, wakapiga, wakashindwa. Halafu Yusuf mwenyewe akaiacha ngome, akaondoka na meli, na Wareno wakaingia tena bila vita.

Angalia vizuri hapo. Mwaka 1631 ngome haikuvunjwa kwa mzinga, iliingiwa kupitia mlangoni. Mwaka 1632 mizinga ilijaribu na haikuweza. Ramani ya Cairati ilifanya kazi yake. Ubaya wote ulipitia fasi ambayo ramani haikuchora.

4. Miezi 33

Mwezi wa 3 mwaka 1696 meli za Oman zilifika Mombasa. Ndani ya ngome kulikuwa na askari Wareno wasiofika mia moja, na zaidi ya watu elfu moja wa pwani waliokimbilia kule, wanaume kwa wanawake na watoto. Waomani hawakujisumbua sana na kuta. Walishika kisiwa, wakafunga njia, wakangoja.

Fikiria hesabu hiyo kama mtu wa kilimo. Watu zaidi ya elfu, hakuna shamba, maji ni ya mvua, choo ni palepale. Chakula kilipungua, ugonjwa ukaingia, na ugonjwa uliua watu wengi kuliko risasi. Meli zilileta askari wapya, lakini kila askari mpya alikuwa mdomo mpya, na mwili mpya kwa ugonjwa.

Mwishoni mwa mwezi wa 8 mwaka 1697 kapteni naye akafa. Waliobaki kulinda ngome walikuwa Sheikh Daud wa Faza na ndugu zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Soma tena: wanawake 50. Kwa majuma kadhaa, ngome ya mfalme wa Ureno, iliyochorwa na Mtaliano, ililindwa zaidi na wanawake Waafrika. Majina yao hatuna. Mimi mu segondere nilifundishwa Vasco da Gama, hawa sikufundishwa.

Msaada ulifika mwezi wa 9, na vita ikaendelea. Mwezi wa 10 meli moja ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome. Miaka ya 1970 wapiga-mbizi waliichunguza chini ya maji, na vitu vyake vingine viko kwenye jumba la makumbusho mule ndani. Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1698 Waomani walipanda ukuta. Wazima waliobaki ndani walikuwa wachache sana. Siku chache baadaye meli za msaada zikatokea, zikaona bendera nyingine, zikageuka.

Baadaye historia inaenda mbio: Wareno walirudi kidogo mwaka 1728 na kufukuzwa 1729, Wamazrui wakatawala, Sayyid Said akaichukua mwaka 1837, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Gereza kweli lilikuwa gereza.

5. Na sisi je?

Kuna swali ambalo kila mwenye lisansi ya kilimo huku amelisikia, nyumbani, kwenye taksi, hata kanisani: "Ulisoma kilimo, sasa na hii vita utalima wapi?" Wanatuhurumia, kama vile tulichagua kazi ya wakati wa amani tu.

Fort Jesus imenipa jibu. Mwanzoni mwa 2024, wakati barabara ya Sake ilifungwa, hatukuhitaji mtu wa kutufasiria neno kuzingirwa. Maharagi na viazi vya Masisi havikufika kama kawaida, makala yakapanda beyi, na mama wa soko alikuwa anapima kikombe na macho chini. Mji wenye watu wengi hivi, unakula kupitia barabara mbili tatu. Ukuta wetu ni ziwa na volkano, na kama ule wa Mombasa, hauna chakula ndani.

Wale Wareno walisaidia kuleta Afrika mimea ya Amerika: mahindi, mihogo, karanga, viazi vitamu. Bugari na sombe ya leo jioni zina historia hiyo. Lakini walikufa njaa ndani ya kuta zao wenyewe, juu ya kufikiri kwamba usalama ni kazi ya askari na injinia wa mawe peke yao. Chakula waliachia meli.

Sisi tusiachie lori. Kazi ya agronome mu mji kama huu ni kuhesabu: mtaa una watu wangapi, wana akiba ya siku ngapi, maharagi yanawekwaje miezi sita bila kuliwa na wadudu, ni mboga gani inakubali kukua ndani ya gunia juu ya mawe ya volkano, mbegu ya msimu ujao imefichwa wapi kama shamba halifikiki. Wengi wetu tuliandika memwari juu ya mambo hayohayo, na ziko kabatini zinakula vumbi. Tuzitoe, tuzisome pamoja, tuanze na mtaa mmoja.

Na siku nyingine mtu akikuuliza utalima wapi na vita, mwambie habari za wale wanawake 50 wa Mombasa. Walishika ukuta mpaka msaada ukafika. Mtu wa kuwahesabia chakula na maji tangu siku ya kwanza ndiye alikosekana.