Lovedale na Karatasi Zake

Nyaraka nyingi za Lovedale haziko Lovedale. Shule hii kongwe ya wamisionari wa Uskoti ilisimama kando ya Mto Tyhume, karibu na mji mdogo wa Alice katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Anayetaka kuisoma huanzia Maktaba ya Cory ya Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Makhanda ulioitwa Grahamstown mpaka 2018. Karatasi za James Stewart, mkuu wa shule aliyevuma kuliko wote, zimegawanyika kati ya Chuo Kikuu cha Cape Town na hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Zimbabwe mjini Harare. Barua zilizopelekwa kwa wakubwa wa kanisa zimo Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.

Mtawanyiko huo umeacha alama katika historia iliyoandikwa. Vitabu vikubwa vya awali vilitungwa na watu wa misheni au marafiki zao, na humo Lovedale ni msafara wa maendeleo unaoongozwa na mkuu wa shule mmoja baada ya mwingine. Karatasi zenyewe zinatoa picha tofauti. Zinaonyesha mahali palipojaa mabishano juu ya elimu, fedha na vitabu, na Waafrika waliosoma na kufanya kazi hapo walikuwa miongoni mwa wabishani wakuu.

Habari za asili zinajulikana. Desemba 1823 mmisionari John Ross, wa Chama cha Wamisionari cha Glasgow, alifika bonde la Tyhume akiwa na mtambo wa kupigia chapa, na mwenzake John Bennie akaanza mara moja kuchapa maandishi ya Kixhosa. Mwaka uliofuata kituo kipya kilifunguliwa Ncera, na mwaka 1826 kikapewa jina la Dkt. John Love, mmoja wa viongozi wa chama hicho. Vita vya 1834 na 1835 vilikiteketeza, kikajengwa upya kando ya Tyhume. Shule ilifunguliwa Julai 21, 1841, chini ya William Govan, ikiwa na wanafunzi 20: Waafrika 11 na Wazungu 9. Vita vya 1846 viliifunga kwa muda, majengo yakageuzwa ngome ya askari wa Kiingereza.

Ugomvi wa kwanza uliojaza majalada ulihusu Kigiriki na Kilatini. Govan aliamini kuwa Mwafrika na Mzungu wafundishwe masomo yaleyale na kupimwa kwa kipimo kilekile, hata kama wachache tu wangefika juu. Usawa huo ulikuwa na mipaka yake: watoto walisoma darasa moja, lakini walikula meza mbalimbali na kulala mabweni mbalimbali. Kuanzia miaka ya 1850 Gavana wa Cape, George Grey, alitoa fedha za serikali kwa mafunzo ya ufundi, na Lovedale ikawa na karakana za useremala, uashi, uhunzi na utengenezaji wa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Uchapaji na ujalidi wa vitabu viliongezwa mwaka 1861.

Stewart aliwasili 1867 akiwa na mawazo mengine. Kwa maoni yake, fedha zilizotumika kuwafikisha wachache kwenye lugha za kale zingewapa wengi Kiingereza, hesabu za kawaida na kazi ya mikono. Kamati ya misheni ya Kanisa Huru la Uskoti ilimuunga mkono, Govan akajiuzulu mwaka 1870, na Stewart akashika uongozi hadi alipofariki mwaka 1905. Kitabu cha maisha yake alichokitoa James Wells mwaka 1908 kinamwonyesha kama ndiye Lovedale yenyewe, na waandishi wengi waliofuata walikubali. Hukumu hiyo inastahili kupingwa. Uamuzi wa 1870 haukuwa suala la mitaala peke yake. Ulihusu kiwango ambacho Mwafrika angeruhusiwa kufika, na ulipitishwa bila wazazi wala wanafunzi wa Kiafrika kuwa na kura.

Hata hivyo Stewart mwenyewe aliacha hazina ambayo mwanahistoria wa uchumi hawezi kuipuuza. Mwaka 1887 Lovedale ilichapa orodha ya majina 2,000 ya wanafunzi wake, pamoja na maelezo mafupi ya kazi walizofanya baada ya kuondoka. Lengo lilikuwa kuwajibu walowezi waliodai kwamba Mwafrika aliyesoma huharibika. Ilikuwa, basi, hati ya kujitetea, na lazima isomwe hivyo. Ila ndani yake wamo walimu, wachungaji, makarani, wakalimani wa mahakama, maseremala, wachapaji na wakulima, na kwa hiyo tabaka zima la watu linaonekana likichipuka katika mpaka wa mashariki wa koloni la Cape. Ni nadra sana kupata kitu kama hicho katika Afrika ya karne ya 19.

Mfano wa Lovedale ulivuka pia mipaka. Stewart alishiriki kuasisi misheni ya Livingstonia katika nchi ambayo sasa ni Malawi, mwaka 1875, na mwaka 1891 aliongoza msafara uliofungua misheni ya Waskoti huko Kibwezi, kati ya Mombasa na Nairobi ya leo. Kituo hicho kilihamishiwa Kikuyu mwaka 1898. Mpango wa shule inayofuatana na karakana, ambao wasomaji wa Kenya wanaujua kupitia misheni hiyo ya Kikuyu, ulikuwa umekwisha kujaribiwa Tyhume.

Mtambo wa chapa nao ulizaa mabishano yake. Tiyo Soga, aliyesoma Lovedale kisha Uskoti, alitafsiri kwa Kixhosa sehemu ya kwanza ya kitabu cha John Bunyan cha safari ya msafiri Mkristo, na tafsiri hiyo ikachapwa hapo mwaka 1867. Gazeti la Isigidimi lilianza mwaka 1870 na kuendelea hadi 1888. Mhariri wake John Tengo Jabavu alibanwa na wamisionari waliotaka gazeti lisijitie katika siasa. Mwaka 1884 aliondoka na kuanzisha Imvo Zabantsundu huko King William's Town, gazeti lisilokuwa chini ya kanisa. Aliyemrithi, William Wellington Gqoba, alibaki, lakini hakunyamaza. Mwaka 1885 alichapa katika Isigidimi utenzi mrefu wa mjadala, ambamo wahusika wanabishana kama elimu ya Wazungu imewaletea watu weusi faida au hasara. Swali ambalo kamati ya Edinburgh ililimaliza kwa barua lilikuwa bado wazi kabisa kwa wasomaji wa Kixhosa.

Mgogoro mkubwa zaidi ulilipuka 1898. Mchungaji Pambani Mzimba, mwanafunzi wa zamani wa Lovedale na kiongozi wa usharika wake, alikuwa amekwenda Uskoti mwaka 1893 na kurudi na michango ya fedha. Alipotofautiana na Stewart kuhusu nani mwenye amri juu ya fedha hizo, alijitenga na kuanzisha Kanisa la Presbiteri la Afrika, akifuatwa na sehemu kubwa ya waumini, wengi wao wa kabila la Wamfengu. Wamisionari walikwenda mahakamani kudai mali ya kanisa, wakashinda. Vitabu vya misheni huutaja mkasa huu kama usaliti wa mwana aliyelelewa vizuri. Ukiwekwa kando ya jalada la Jabavu, unaonekana kuwa jambo lilelile kwa sura nyingine: watu waliofundishwa kuongoza walidai kuongoza.

Katika karne ya 20 ugomvi ulihamia kwenye vitabu. R. H. W. Shepherd, mchungaji wa Kiskoti, alisimamia uchapishaji wa Lovedale tangu miaka ya 1930, akawa mkuu wa shule kuanzia 1942 hadi 1955, na aliandika pia historia yake rasmi. Mwaka 1936 aliitisha mkutano wa waandishi wa Kiafrika huko Florida, Transvaal. Chini yake zilitoka kazi kubwa, ikiwemo riwaya ya A. C. Jordan, Ingqumbo Yeminyanya, mwaka 1940. Lakini chujio lilikuwa jembamba. H. I. E. Dhlomo alichapishiwa tamthilia yake kuhusu Nongqawuse, nabii wa Kixhosa, katikati ya miaka ya 1930, ilhali tamthilia zake kuhusu wafalme Dingana, Cetshwayo na Moshoeshoe zilibaki miswada hadi mkusanyo wa kazi zake ulipotoka 1985. Ityala Lamawele ya S. E. K. Mqhayi, iliyotoka 1914, ilisomwa na vizazi vya wanafunzi katika toleo lililofupishwa.

Kesi maarufu kuliko zote ni ya Mhudi, riwaya ya Sol Plaatje iliyotolewa na Lovedale mwaka 1930, zaidi ya miaka tisa baada ya kuandikwa. Katika miaka ya 1970 mswada wake uliopigwa taipu ulijitokeza kati ya karatasi za matbaa zilizohamishiwa Maktaba ya Cory. Tim Couzens na Stephen Gray waliulinganisha na kitabu, wakaona tofauti nyingi, hasa kupunguzwa kwa nafasi ya mzee Half-a-Crown anayesimulia hadithi. Walihitimisha kuwa mkono wa misheni ulikuwa umepita hapo, na mwaka 1978 toleo jipya likafuata mswada. Kwa muda mrefu hiyo ikawa ndiyo kweli inayofundishwa. Baadaye Brian Willan, mwandishi wa maisha ya Plaatje, alipinga: kwa uchunguzi wake, mabadiliko mengi yalikuwa ya Plaatje mwenyewe, na kitabu cha 1930 ndicho kilicho karibu zaidi na alichokusudia. Hoja ya Willan ina nguvu, na inaonya dhidi ya haraka ya kumwona mwandishi Mwafrika kama mtu aliyetendewa tu. Haiwaondolei wachapishaji lawama za Dhlomo na Mqhayi.

Maktaba inayohifadhi mswada huo ina historia ya ajabu kidogo. George Cory alikuwa profesa wa kemia mzaliwa wa Uingereza. Alikusanya hati na masimulizi ya wazee ili aandike historia ya Afrika Kusini, ambayo kitovu chake kilikuwa walowezi wa Kiingereza, na mwaka 1931 alikipa Chuo Kikuu cha Rhodes mkusanyo wake. Nyumba iliyoanzishwa kwa ajili ya habari za walowezi ilipokea baadaye kumbukumbu za Wamethodisti, Wapresbiteri na Lovedale, na leo watafiti wengi huijia kwa ajili ya hizo.

Mengine yalipita upesi. Agosti 1946 wanafunzi walifanya ghasia, na wengi walishtakiwa. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 iliwanyang'anya wamisionari shule, Shepherd akastaafu 1955. Thabo Mbeki, rais wa baadaye, alifukuzwa baada ya mgomo wa 1959, na mwanaharakati Steve Biko alisoma hapo kwa muda mfupi mwaka 1963. Matbaa ilibaki mikononi mwa kanisa, kisha mwaka 2001 wafanyakazi wake waliinunua. Baada ya hapo waliiendesha kwa taabu, bila msaada wa maana kutoka kwa nchi ambayo fasihi yake ilipitia mikononi mwao.

Kilichobadilisha zaidi usomaji wa Lovedale katika miaka ya karibuni ni magazeti ya Kixhosa, ambayo wanahistoria wasiojua lugha hiyo waliyaruka. Maandishi ya Mqhayi kutoka magazetini yalitolewa upya kitabuni mwaka 2009, na ya Gqoba, pamoja na utenzi wake wa elimu, mwaka 2015, yote kwa Kixhosa na tafsiri ya Kiingereza. Kwa vitabu hivyo, upande wa pili wa mabishano ya 1870 na 1885 unaweza kusomwa kwa maneno yake wenyewe, bila kupitia barua za wakuu wa shule.