Kosa Lisilotaka Kuonekana Tena

Vijana wanaoandika programu za kompyuta wana shaka moja ambayo mwalimu yeyote wa sayansi ataitambua. Juu ya kila faili la programu huorodheshwa vitu vilivyoazimwa kutoka mafaili mengine. Kihariri, yaani chombo wanachoandikia, huweza kupangiwa kuifagia orodha hiyo kila kazi inapohifadhiwa, kikafuta kisichotumika. Lakini mara mojamoja hufuta kinachohitajika, pengine kwa kuwa kimetoa hukumu kabla ya kumaliza kuyasoma mafaili yote. Kijana akirudia ili amwonyeshe mwenzake, kosa halionekani. Huambiwa: umekosea wewe.

Jibu la namna hiyo alipewa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alitia kwenye jokofu maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, maana nafasi ilikuwa inakwisha. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine aliiita hiyo fizikia ya Mpemba, na darasa zima likaufanya msemo huo mzaha.

Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipozuru Mkwawa, Mpemba aliuliza tena mbele ya wote. Osborne hakusadiki, ila hakulifuta swali. Alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa Uingereza, walirudia majaribio hayo wasione ushahidi wa kuwaridhisha. Waligundua kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimeta moja tu kwaweza kubadili matokeo.

Basi yule fundi na kile kihariri wana tabia moja: kisicholingana na matarajio ni taka. Sisi tunaoishi Maganzo na ukanda wa Geita twajua habari za magwangala, mawe ambayo mgodi umeyahesabu kuwa hayafai, na wananchi wakayagombea kwa kuwa dhahabu bado imo.

Kwa hiyo anayewinda kosa la kujificha kwanza asimamishe ufagiaji. Aandike ni faili gani lilifunguliwa mwanzo, kazi ilihifadhiwa baada ya muda gani, chombo ni toleo lipi. Kisha abadili jambo moja tu kwa kila jaribio, na asitupe jaribio lililomkera.

Mwalimu naye ana wajibu huohuo. Kati ya jokofu la Magamba na ile makala ilipita miaka 6, na swali lilidumu kwa sababu mwanafunzi mmoja alikubali kuchekwa. Wengi hunyamaza mara ya kwanza, na maswali yao hatutayajua kamwe.